Mtumishi Mtiifu wa Bi. Siwema

Ukija nchini kwetu ukakanyagwa mguu na ofisa wa serikali, usipige kelele. Acha anwani yako, rudi nyumbani, ukande mguu kwa maji ya chumvi. Baada ya miezi saba hivi utaletewa barua yenye mhuri, iliyoandikwa kwa mkono, kwa wino wa buluu, kwa Kiingereza ambacho Waingereza wenyewe walikitupa siku ile walipovua mawigi. Barua itakuambia kwamba serikali imesikitika. Aliyekukanyaga haitamtaja.

Nchi yetu ni nzuri mno na jina lake silitaji, maana kulitaja bila kibali ni kosa, na ofisa wa vibali yuko likizo tangu mwaka wa mvua kubwa. Mimi naitwa Masumbuko Kibwana. Nilikuwa tarishi wa Wizara ya Masikitiko kwa miaka ishirini na miwili. Nilipewa baiskeli ya serikali na kofia ya kijani namba kumi na saba, nikayapeleka masikitiko ya serikali mpaka vijiji ambavyo serikali yenyewe haina hakika kama vipo. Kwa hiyo ninayoyasema nayajua. Na nisiyoyasema nayajua pia, lakini tusiharakishane, hadithi bado mbichi.

Wakoloni walipoondoka walituachia vitu vitatu: saa ya mnarani ambayo kwake ni saa nne kasorobo kila siku, piano iliyong'oka meno, na kitabu kinene cha kufundisha namna ya kuandika barua. Humo ndani mlikuwa na maneno ya kujutia ya kila aina, ya bibi na babu zao, maneno ya kulia kwa heshima bila kutoa chozi. Viongozi wetu wa kwanza walikisoma kitabu kile wakagundua jambo. Mtu ukimwomba radhi kwa lugha anayoielewa, atakuuliza, "Sasa?" Ukimwomba kwa lugha asiyoielewa, itabidi atafute wa kumsomea, na mpaka ampate, hasira imepoa kama uji uliosahauliwa mezani.

Ndipo ikatungwa Sheria ya Masikitiko, yenye vifungu viwili tu. Cha kwanza: serikali itasikitika kwa Kiingereza cha kale peke yake. Cha pili: mtumishi yeyote wa serikali atakayetamka mbele ya raia neno "nimekosa", au "nisamehe", au lolote la ukoo huo kwa Kiswahili, atahesabiwa kuwa kosa ni lake, na atalirekebisha kwa mikono yake mwenyewe mpaka liishe.

"Pole" iliruhusiwa. Pole haina hatari. Unaweza kumwambia pole mtu ambaye umemmwagia chai ya moto wewe mwenyewe, ukachukua kikombe chako ukaenda zako. Tulisema pole asubuhi, mchana na jioni, tukawa taifa lenye huruma kuliko yote katika ukanda wetu.

Basi wizarani kwetu maneno yalikuwa yanatunzwa stoo. Kila neno lilikuwa na kadi yake na kila kadi ina kisanduku chake cha bati. Mwandishi akitaka neno anajaza fomu, anapewa, anaandika barua, analirudisha kabla ya saa tisa alasiri. Neno la kawaida kabisa liliitwa Rigreti. Kadi yake ilikuwa imechakaa kingo kwa kushikwa, maana ndilo lililotumika kwa paa linalovuja na jina lililokosewa kwenye cheti. Juu yake lilikuwepo Lakadei, la mambo ya kati, kama ile zahanati iliyofunguliwa kwa sherehe kubwa, kumbe haina mlango. Juu yake tena lilikuwa Woizimi, la madaraja. Na kileleni kabisa, ndani ya kasha la chuma lenye kufuli mbili, lilikaa Alasi. Alasi lilikuwa limetolewa mara mbili tu katika historia ya nchi: mara ya kwanza serikali ilipomzika mtu ambaye hajafa, mara ya pili ilipomfukua.

Na watu walivyoyapenda! Barua zilitiwa kwenye fremu, zikatundikwa sebuleni juu ya picha ya harusi. Washenga walikuwa wakisema, "Msitudharau, kwao wana Woizimi mbili ukutani." Jirani yangu alimpa mbuzi wake jina la Lakadei. Hata mimi nina Rigreti yangu moja, niliyopewa mwaka ule kofia yangu ilipopotea. Ilipotea tu. Kofia ni kitu cha kupotea, jamani, tuendelee.

Mwandishi bora wa wizara alikuwa Bwana Zefania Lutengano, mtu mwembamba, mpole, mwenye tai ya rangi ya chai iliyozidi maziwa. Alikuwa amesikitika kwa niaba ya serikali miaka kumi na tisa bila kufuta hata herufi moja. Mkewe aliwahi kuniambia kwamba akivunja sahani nyumbani hasemi kitu, anaingia chumbani kuandika. Na kila barua yake, hata ya paa, aliifunga kwa maneno yaleyale ya kitabuni, kwa mwandiko wa kupindapinda kama mchoro wa hina: kwamba anayo heshima ya kubaki mtumishi wako mnyenyekevu na mtiifu kabisa. Chini yake sahihi, Z. Lutengano.

Sasa twende Matopeni.

Pale Matopeni alikuwepo mjane aitwaye Bi. Siwema, mwenye shamba la mchicha na kisima. Kisima alikichimba marehemu mumewe, Mzee Halfani, mwaka waliooana: pima nane kwenda chini, mume akichimba, mke akivuta udongo kwa kamba. Bi. Siwema alikuwa akisema hakuvalishwa dhahabu, alichimbiwa maji, na hajawahi kujuta. Maji yenyewe yalikuwa matamu, hata wa kijiji cha pili walikuja kuchota na hakuna aliyekatazwa.

Juu ya kilima, nyuma ya kiwanda cha pamba kilichokufa, palikuwa na kisima kingine, kibovu, kimeachwa wazi, na ndama alikuwa ametumbukia humo. Serikali ikatoa amri kifukiwe. Jambo jema. Amri ikakabidhiwa tarishi mmoja, afuatane na dereva wa trekta amwonyeshe mahali. Tarishi huyo, ambaye jina lake si la lazima hapa, alifika chini ya kilima saa saba mchana. Jua lilikuwa linachoma, kilima kilikuwa kirefu, na palepale tambarare, pembeni mwa shamba la mchicha, kulikuwa na kisima ambacho hapana mtu. Bi. Siwema alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake. Tarishi akafikiri, kwa akili zake timamu: kisima kisicho na mtu si ndicho kilichoachwa? Akamwambia dereva, "Ndicho hicho." Dereva akasukuma udongo nusu saa, kazi ikaisha, wakaondoka. Siwalaumu. Kilima kile nimewahi kukiona na ni kirefu kwelikweli.

Bi. Siwema alirudi siku ya tatu. Badala ya kisima akakuta kichuguu cha udongo mwekundu. Alikaa chini palepale na furushi lake kichwani, akalia mpaka majirani wakaja wakidhani dada amefariki.

Toka hapo maji akawa anayafuata mtoni, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, dumu kichwani, mwanamke wa miaka sitini na mbili. Mchicha ulikauka wiki ya kwanza. Akaenda ofisi ya kijiji, wakamwambia pole. Akaenda wilayani, wakamwambia pole sana. Alichokitaka hakikuwa kikubwa, aliwaambia wote vilevile: "Nirudishieni kisima changu. Na aliyekifukia aje aniambie kwa kinywa chake kwamba amekosa. Basi." Wilayani wakaandika malalamiko yake, wakayapeleka kwetu wizarani.

Barua ya kwanza niliipeleka mimi. Bi. Siwema alinipokea vizuri, akanipa kigoda, akaniletea kikombe cha maji yenye rangi ya udongo.

"Karibu maji, baba. Ni ya mtoni, uniwie radhi."

Nikamwambia nina haraka. Sikunywa. Kusema kweli sikukaa hata kwenye kile kigoda, nilisimama nimeshika baiskeli kama mtu anayeulizia njia. Akaitwa Mwalimu Trifonia wa shule ya msingi asome, na watu wakajaa uani, maana kusomwa kwa barua ya masikitiko kwetu ni kama ngoma. Ilikuwa Rigreti.

"Wanasema wanasikitika kwa usumbufu," Mwalimu akafasiri.

"Nani anasikitika?"

"Hawajataja, bibi."

"Na aliyefukia?"

"Naye hawajamtaja."

"Kisima je?"

Mwalimu akageuza karatasi, akatazama nyuma. Palikuwa patupu. "Kisima hakimo."

"Haya, mwanangu. Niandikie jibu. Waambie nimeipata, na maji bado sina."

Baada ya miezi saba nikapeleka Lakadei. Nikakaribishwa maji, nikawa na haraka. Baada ya miezi mingine saba nikapeleka Woizimi, kurasa mbili nzima, yenye mhuri wa nta. Wanawake walipiga vigelegele. Jirani mmoja, ambaye nyumba yake iliezuliwa na upepo akaambulia Rigreti, alinuna siku nzima. Watu wakamshika Bi. Siwema mkono, "Hongera, mama! Woizimi! Ukoo mzima haujawahi!"

Bi. Siwema akaipokea barua, akaipima mkononi.

"Nikiichota hii Woizimi," akauliza, "nitasongea ugali?"

Mimi nilikuwa naangalia mnyororo wa baiskeli. Kisha Bi. Siwema akamwonyesha Mwalimu Trifonia kwa kidole mwisho wa karatasi. "Huu mstari wa chini. Upo kwenye barua zote tatu, nimeutambua kwa mapindo yake. Unasemaje?"

"Huo ni wa kufungia barua tu, bibi. Hauna maana."

"Hauna maana na umeandikwa vizuri hivi? Nisomee."

"Unasema: mimi ninabaki mtumishi wako mnyenyekevu na mtiifu kabisa. Z. Lutengano."

"Mtumishi wa nani?"

"Wako."

"Ameandika hivyo mwenyewe?"

"Kwa mkono wake."

"Mara tatu?"

"Mara tatu, bibi."

Bi. Siwema akazikunja barua zote tatu, akazifunga kwenye pindo la kanga. "Loo," akasema, "kumbe muda wote huu nina mtu."

Wiki iliyofuata, saa mbili asubuhi, alikuwa amesimama mapokezi ya Wizara ya Masikitiko, jembe begani na kamba mkononi. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nasubiri barua za siku hiyo. Karani wa mapokezi akamwuliza shida yake.

"Sina shida. Namtafuta mtumishi wangu."

"Mtumishi gani, mama?"

"Lutengano. Nimeambiwa ni mnyenyekevu na ni mtiifu. Kuna kazi kidogo nyumbani, nimekuja kumchukua."

Karani akacheka, akaangalia jembe, akaacha kucheka. Bwana Lutengano akaitwa. Alitoka na kadi ya Lakadei mkononi, wino bado kidoleni. Bi. Siwema alifungua pindo la kanga, akatandaza barua tatu juu ya meza.

"Mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu, mama."

"Na haya maneno ya chini, ulikuwa unanidanganya?"

Bwana Lutengano alizitazama barua zake moja moja. Sidhani kama aliwahi kuziona tena baada ya kuziandika. Masikio yalimwiva.

Habari zikapanda ghorofani. Waziri wetu, Mheshimiwa Balthazari Mkwanda, alikuwa mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, ambaye hata akiomba chumvi mezani huanza kwa "Ndugu wananchi". Akaitisha kikao cha dharura. Mimi nilipeleka chai, ndiyo maana nilisikia.

"Ndugu wajumbe!" akasema, na vikombe vikatetemeka. "Taifa liko njia panda! Leo amekuja mwanamke mmoja kudai mtumishi wake. Nawauliza: kesho wakija wote? Tumeandika barua laki tatu! Kila moja tumesema sisi ni watumishi wao! Sasa wananchi wakianza kuamini, nani atabaki ofisini?"

Mjumbe mmoja akapendekeza mstari ule ufutwe. Ikaonekana kuufuta kunahitaji tume, na tume inahitaji miaka minne, na Bi. Siwema alikuwa amekwisha keti mapokezi anachambua mchele aliokuja nao. Mwingine akapendekeza aambiwe pole. Akaambiwa ameshaambiwa.

"Basi," Waziri akasema, akavua miwani. "Hakuna jinsi. Apewe Alasi."

Kikao kizima kikasimama bila kuambiwa.

Alasi halipelekwi na tarishi kwa baiskeli. Alasi hupelekwa na Waziri mwenyewe, na bendi. Yakaletwa mahema Matopeni, vikaletwa viti vyenye vitambaa vyeupe, zikaletwa katoni za maji ya chupa kwa ajili ya wageni rasmi. Jukwaa likahitaji mahali palipoinuka. Mafundi wakazunguka kijiji kizima, na kwa kuwa kijiji ni tambarare, wakaona mwinuko mmoja tu unaofaa. Wakalijenga jukwaa juu ya kichuguu cha udongo mwekundu, pembeni mwa shamba la mchicha mkavu. Tena wakasifu, udongo umeshindiliwa vizuri.

Kadi ya Alasi ilibebwa juu ya mto wa kitambaa cha buluu. Bendi ikapiga. Waziri akasoma barua dakika hamsini, akipanda na kushuka, mara anashika kifua, mara anatazama mbingu, na wageni rasmi wakifungua chupa zao za maji moja baada ya moja. Bi. Siwema, aliyeketishwa mstari wa mbele, alikuwa akizitazama zile chupa. Barua ilipoisha watu walipiga makofi mpaka vumbi likatimka.

Bi. Siwema akasimama.

"Mheshimiwa, ahsante. Umesema sana na jasho limekutoka, nimeona. Ila mie Kiingereza sikijui. Hiyo Alasi ndiyo kusema nini?"

Waziri akakohoa. "Mama, Alasi ni neno zito."

"Zito kusema nini?"

"Zito... kihistoria. Ni neno la juu. Juu yake hakuna neno!"

"Sawa, baba. Lakini likishuka huku kwetu chini, linasemaje?"

Watu wakaguna. Waziri akatazama huku, akatazama kule, macho yakamwangukia Bwana Lutengano aliyekuwa amesimama nyuma na ule mto mtupu. "Mwandishi! Mfafanulie mama huyu. Kwa kifupi."

Bwana Lutengano akaja mbele. Akautazama udongo uliotokeza chini ya mbao za jukwaa, akalitazama dumu la Bi. Siwema lililokuwa mlangoni, limepauka kwa jua la mtoni.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana, sijui kama ilifika nyuma. "Linasema tumekosa. Kisima kilikuwa kizima, kilikuwa chako, tukakifukia. Kisha nikakuandikia barua tatu, na zote hizo sikukuambia hivyo. Nisamehe."

Mpiga tarumbeta akakishusha chombo chake. Kila mtu nchini anakijua kifungu cha pili.

"Lutengano!" Waziri akanong'ona, na kunong'ona kwake kulisikika mpaka barabarani. "Umesema kwa Kiswahili!"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kifungu cha pili!"

"Nakijua. Nilikinakili mwenyewe."

Bi. Siwema alimsogelea. Alikuwa analia, lakini si kama siku ile ya furushi. Akamshika bega.

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Sasa vua tai, ushike jembe."

Jukwaa likaondolewa jioni ileile, Waziri akaondoka na bendi yake, na Alasi likarudi kwenye kasha. Bwana Lutengano akabaki.

Wenzangu, mkono uliozoea kalamu si wa jembe. Siku ya kwanza alitoka malengelenge, ya pili yakapasuka, ya tatu Bi. Siwema akamfunga vitambaa. Wanakijiji hawakuthubutu kumsaidia, wasije wakaonekana wanaingilia sheria. Alichimba peke yake, akajaza ndoo, akapanda ngazi, akaimwaga, akashuka. Wiki mbili zikampatia pima moja na nusu. Hapo ndipo nilipotumwa kumpelekea barua yake ya kufukuzwa kazi. Aliisomea mle shimoni, akacheka.

"Rigreti," akasema. "Miaka kumi na tisa, Masumbuko, hata Lakadei wameona nyingi. Na tazama mwandiko huu, wamemwachia nani kalamu?"

Kisha akajifuta uso kwa tai yake, ambayo sasa ilikuwa kitambaa cha jasho. "Ujue kitu kimoja ndicho kinanisumbua. Nimeomba radhi, sijutii. Lakini simjui niliyemwombea radhi. Ningependa nimwone tu, nijue ninachimba kosa la nani."

Nikamwambia nina haraka.

Nikapanda baiskeli, lakini miguu haikunipeleka barabarani. Nikajikuta nimefika chini ya kile kilima. Nikaiacha baiskeli, nikapanda. Niliangalia saa yangu nikianza na nikaangalia nikifika. Robo saa. Robo saa tu, jamani, tena kwa mwendo wa mtu mzima mwenye goti bovu. Kisima kibovu kilikuwepo bado, wazi, kinaningoja pale nyuma ya kiwanda. Nikakaa ukingoni mwake. Nimewaambia tangu mwanzo kwamba kilima ni kirefu. Si kweli. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia hapo.

Nilipoteremka, Bi. Siwema alikuwa uani anachambua mchele. Sikungoja kigoda.

"Mama," nikasema, "nimekosa. Tarishi aliyemwonyesha dereva kisima chako ni mimi. Niliona uvivu kupanda kilima. Nimekuletea barua tatu, nikazitazama nyayo zako za mtoni mara tatu, nikanyamaza. Nisamehe."

Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na kitu kimefungwa kwenye kitambaa safi. Akakifungua. Kofia ya kijani, imefuliwa, imenyooshwa. Ndani, namba kumi na saba.

"Uliitundika kwenye mpapai wangu siku ile," akasema. "Joto lilikuwa limekuzidi, nadhani. Nilirudi nikaikuta. Na ulipokuja na barua ya kwanza na kofia mpya kichwani, nikajua."

"Miezi yote hiyo, mama? Mbona hukunitaja?"

"Ningekutaja ungekataa, nao wangenipa barua nyingine. Nilitaka useme mwenyewe. Kila ulipokuja nikakukaribisha maji, ukayakimbia. Nikasema, haya, huyu bado linamkaa moyoni, siku moja litamtoka."

"Basi nimesamehewa?"

"Chimba kwanza." Akanivika kofia kwa mkono wake. "Jua la saa hizi kali."

Bwana Lutengano aliponiona nashuka ngazi alinitazama, akaitazama kofia, akaelewa yote bila kufasiriwa. Nikamwambia aende nyumbani, mwenye kosa amepatikana, sheria haimdai tena. Akatema mate kwenye viganja.

"Kisima ni chako," akasema. "Barua tatu ni zangu. Leta ndoo."

Tulichimba siku arobaini na moja. Mimi pia niliandikiwa na wizara, lakini barua hiyo Bi. Siwema aliiona kabla yangu, akaifunikia chungu cha maharage, na hadi leo sijui nilipewa neno gani. Tulipofika pima ya nane udongo ukabadilika rangi, ukawa baridi chini ya nyayo, na Bwana Lutengano akapiga jembe mara moja tu, tukajikuta tumesimama ndani ya maji, tunashikana mikono kama watoto.

Tuliyaacha yatulie mpaka kesho yake. Asubuhi Bi. Siwema akaja mwenyewe na kamba yake, akateka ndoo ya kwanza, akaionja, na nadhani mawazo yake yalikuwa kwa Mzee Halfani. Kisha akajaza kikombe, kilekile, akapita mbele ya Bwana Lutengano, akanipa mimi.

"Karibu maji, baba," akasema. "Yale yetu yamekwisha."

Nikakaa kwenye kigoda, nikanywa yote.